Niliyoambiwa Njiani Kwenda Makorongoni

Wapendwa wanakamati,

Mmeniuliza kwa simu, kwa ujumbe, na wawili kati yenu kwa kuja hadi mlangoni kwangu: ilikuwaje nikaondoka Dodoma na mchumba wangu Elia, tumebeba chakula cha njiani na kuimba garini, kisha nikarudi peke yangu juu ya magunia ya ufuta? Baadhi yenu mmekwisha kusikia jibu la Elia mwenyewe, kwamba mimi, Mnyamwezi, nilishindwa kuvumilia utani wa Wagogo. Jibu hilo ni fupi na linachekesha, na nadhani ndiyo sababu limesambaa upesi. Langu ni refu. Lakini ninyi ndio mlioketi vikao vya harusi yetu, mkabishana kuhusu ukumbi na rangi ya vitambaa, na kwa hiyo mna haki ya kulisikia lote kwa mfuatano ule ule nilioupitia mimi.

Dodoma hadi Mtera

Safari ilikuwa yangu. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu mmomonyoko wa udongo, na sura moja ilikuwa imebaki bila kuonwa kwa macho: makorongo mekundu yaliyo ndani ya hifadhi ndogo magharibi mwa Mtera, katika nchi kavu ambayo hata kwenye ramani imeachwa nyeupe. Wenyeji hupaita Makorongoni, basi. Elia alizaliwa katika kijiji cha jirani. Kijiji hicho sitakitaja, kwa kuwa wanaoishi humo hawakunikosea.

Katika muda wote wa uchumba wetu hakuwahi kunipeleka kwao. Posa ililetwa Tabora na baba yake mdogo anayeishi mjini, na kila nilipouliza habari za nyumbani nilijibiwa kuwa ni mbali, barabara mbovu, mwaka huu njaa, mwezi huu mvua. Safari hii alikubali kwa shingo upande, tena kwa masharti: tuingie hifadhini kwa njia isiyopita kijijini, na tugeuze siku hiyo hiyo.

Tulichelewa kuondoka. Alikwenda kujaza magurudumu upepo, akarudi, akakumbuka spana, akaenda tena. Akanunua maji ya kunywa wakati katoni nzima ilikuwa tayari nyuma ya gari. Sasa nayatazama machelewesho hayo kwa jicho jingine, lakini nataka kumtendea haki: asubuhi ile niliona tu mwanamume mwangalifu anayetunza gari la kuazima, na nikampenda zaidi kwa hilo.

Pale Mtera tulisimama karibu na bwawa kununua samaki. Mama mmoja mwenye beseni la perege wa kukaanga alimtambua Elia kabla hajazima injini. Akamsalimia kwa Kigogo, wakasemeshana kidogo, kisha akanielekezea kidevu na kuuliza huyu ni nani.

"Huyu mtani," Elia akasema, kwa haraka ambayo niliigundua lakini sikuipa uzito. "Mnyamwezi wa Tabora."

Uso wa yule mama ukafunguka. Mnajua asili ya jambo hili: mababu zangu walivuka Ugogo wakiwa wapagazi wa misafara, mababu zake wakawatoza hongo ya kupita na ya maji, na uadui ule ukaoza taratibu hadi ukawa utani. Akalalamika kwa sauti, wateja wote wasikie, kuwa zamani Wanyamwezi walipita hapa na mizigo kichwani na heshima zao, siku hizi wanapita wamekalia viti kama mizigo yenyewe. Akataka hongo. Nikamjibu kuwa babu yangu alikwisha kulipa kwa shanga, na hadi anakufa hakuwa ameyaona hayo maji. Watu wakacheka. Nilijisikia nimepokewa, nilijisikia, kusema kweli, nimekwisha kuolewa.

Alipokuwa akitufungia samaki aliongeza mmoja mkubwa kuliko wote. "Huyu mpelekee mke mwenzio. Yeye hupenda kichwa."

"Mwambie aanze yeye kunipikia," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa, yeye mdogo. Na kichwa nitakula mwenyewe."

Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Haya, mkubwa. Nitasema."

Elia alicheka pia, ila baada yetu, kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua. Nikadhani ni uchovu wa kuendesha.

Mto wa mchanga

Tulipoacha lami tukaingia nchi ya migunga na minyaa, udongo ukibadilika rangi kila tuliposonga, kwanza kijivu, kisha kahawia, kisha wekundu wa tofali lililoiva. Mbuzi walikuwa wengi kuliko majani. Elia akapotea njia. Nilishangaa, kwa kuwa aliwahi kunisimulia jinsi alivyochunga ng'ombe katika nchi hiyo hadi akaijua usiku na mchana, lakini nikajiambia kuwa njia za ng'ombe na njia za gari ni vitu viwili tofauti. Kila jambo lilipokosa maelezo, mimi mwenyewe nilijitolea kulitafutia.

Kwa sababu ya kupotea huko tulivukia mto mahali pasipofaa. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe kwa jua, na gari likazama hadi kwenye ekseli. Mbele kidogo wanawake walikuwa wakichota maji katika visima walivyochimba ndani ya mchanga ule, kata moja moja, wakingoja yajae tena. Walipotuona waliacha ndoo zao, wakaja.

Mkubwa wao nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akazungumza na Elia kwa Kigogo, maneno machache yaliyokauka. Elia akamjibu akiutazama usukani. Ila nilisikia amelitamka kabila langu, na mara wale wengine wakaanza kucheka. Wakasukuma gari. Lilipotoka wakasimama mbele yake, wakatangaza kuwa Mnyamwezi hapiti bila hongo, na kwa kuwa hana shanga wala kitambaa, alipe kwa kazi ya ukoo wake: abebe.

Nikatwishwa ndoo. Sijabeba ndoo kichwani tangu shule ya bweni, na maji yalinimwagikia shingoni hadi mgongoni, nao wakapiga vigelegele kila yalipomwagika. Mmoja akasema nisaidiwe. Yule mkubwa akakataa.

"Mwache abebe. Mwenzake amebeba peke yake tangu kipupwe."

Nikasema, kwa pumzi niliyokuwa nayo, kuwa mwenzangu ana bahati, sasa amepata punda. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Tukapanda ukingo hadi kwenye kivuli alipofungwa punda wa kweli, wakanitua ndoo, na yule mama mkubwa, ambaye nakumbuka hakuwa akicheka tena, akanishika mkono wenye pete.

"Maji haya ni ya nyumba yako. Umeyaona?"

"Nimeyaona, mama."

"Usije ukasema hukuonyeshwa."

Niliporudi garini, nimelowa na nimefurahi, nilimwambia Elia kuwa watu wa kwao wana utani mkali kuliko wote niliopata kuuona. Alisema, "Ndivyo walivyo." Akawasha gari.

Makorongoni

Langoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na gogo lililolazwa njiani na kibanda kilichofungwa. Tukaliondoa gogo, tukapita, tukalirudisha.

Kuhusu makorongo yenyewe ningependa kuandika kurasa, na labda siku moja nitaweza. Ardhi inakwenda tambarare, haina dalili yoyote, kisha inakatika miguuni pako. Chini kuna vijia vinavyopinda kati ya kuta nyekundu ndefu kuliko nyumba za ghorofa, na katikati yake nguzo za udongo zilizosimama peke yake, kila moja imebeba jiwe juu kama kofia. Jiwe huzuia mvua, udongo ulio chini yake hubaki, wote wa pembeni huondoka. Pimbi walitukodolea macho kutoka kwenye nyufa. Hakukuwa na upepo. Ukisema neno, ukuta mmoja hulipokea na wa pili hulirudisha likiwa limepoa.

Nilisahau njaa. Tulianza kupima. Nilishika ncha moja ya utepe, Elia akashika nyingine, akawa anarudi kinyumenyume hadi nguzo ya mbali, nami nikisoma vipimo kwa sauti. Katika hali hiyo ndipo alipotukuta askari wa hifadhi, mtu wa makamo aliyeitwa Zakaria, aliyekuwa amefuata alama za magurudumu yetu kutoka langoni. Hakuwa amekasirika. Alinisalimia, akauliza kazi yetu, akaridhika. Kisha akamwona vizuri aliyekuwa upande wa pili wa utepe.

"Kumbe ni Baba Asheri," akasema. "Karibu nyumbani. Mama Asheri mkono wake umepona?"

"Anaendelea," Elia akajibu.

Nadhani lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Ncha ya utepe upande wake ikalegea, ukaanguka mchangani kati yetu.

Mimi nilicheka. Nataka mlijue hilo, kwa kuwa ndilo linaloniamsha usingizini. Nilicheka, nikamwambia Zakaria kuwa Mama Asheri ni mdogo wangu, mimi ndiye mke mkubwa, na nimekwisha kumbebea maji leo. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyepewa habari mpya na anatafuta la kusema.

"Sikujua kama ana wawili," akasema. "Mimi namfahamu Naomi tu. Nilikuwepo walipofunga ndoa hapo kanisani."

"Kaka Zakaria," nikamwuliza, "wewe ni kabila gani?"

"Mmeru. Wa Arusha. Nilihamishiwa huku. Kwa nini?"

Nikamwambia nimeuliza tu. Nilipitia kichwani watani wote wa Wanyamwezi ninaowajua, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku anajua aliuacha wapi. Wameru hawakuwamo. Hatuna utani na Wameru. Mmeru akiniambia jambo, amesema alichosema na si zaidi. Yule mama wa Mtera, wale wanawake wa mtoni, na mtu huyu mpole aliyevaa sare iliyopauka, wote walikuwa wameniambia jambo moja. Tofauti ni kwamba huyu hakuwa na haki ya kunitania.

Zakaria aliaga upesi. Nadhani alielewa, maana alitusihi tusikawie kutoka kisha akaondoka bila kutusubiri.

Sikupiga kelele. Nilimwomba Elia anipeleke kijijini. Akasema kuna giza mbele, barabara mbovu, tutaongea mjini. Jua lilikuwa bado juu. Nikaukunja utepe hadi mwisho, nikapanda garini, nikakaa.

Kijijini

Nilitarajia mshtuko. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke atakayelia au atakayenifukuza, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumtuliza. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi yake Elia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, alitoka na kiti, akakifuta kwa khanga, akanikaribisha kwa jina langu. Nyuma yake alisimama mwanamke wa umri wangu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kwa sababu ya maji ya moto, akiinama kidogo.

"Karibu, mkubwa," akasema.

Huyo ndiye Naomi. Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu. Mama wa Mtera alikuwa ametimiza ahadi yake kwa simu, wanawake wa mtoni walikuwa wamepita na punda, na ndoo niliyoibeba ilikuwa pale mlangoni, imefunikwa sinia. Kila jibu langu lilikuwa limefikishwa vilevile nilivyolitamka: kwamba mimi ndiye mkubwa, kwamba aanze yeye kunipikia, kwamba mwenzangu amepata punda. Nilidhani nilikuwa nikijibu mzaha. Wao walikuwa wakinieleza hali ilivyo, kwa namna pekee ambayo mtu mwenye heshima anaweza kumweleza mgeni habari kama ile bila kumvua nguo, na nilipojibu kwa furaha waliona nimeelewa na nimekubali. Kwa kipimo chao nilikuwa mwanamke mwenye roho pana kupita kiasi.

Na Naomi alikuwa ameanza kunipikia. Alikuwa akisonga ugali wa uwele kwa mkono wa kushoto, sufuria ikimponyoka kwenye mafiga. Nilimpokonya mwiko kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Nikasonga. Akakaa kando yangu, akaanza kukoroga mlenda, na akaniuliza kwa upole, kama tulivyozoea kuulizana ratiba katika vikao vyetu vya kamati, ikiwa napenda kukaa Dodoma moja kwa moja au niwe nakuja huku msimu wa kulima, kwa kuwa Elia hakuwa ameeleza vizuri.

"Elia alikueleza nini?" nikamwuliza.

"Kwamba unajua. Kwamba mmekubaliana."

Nikamwambia sikujua. Alidhani natania. Alicheka kidogo, akanitazama, na nikaona kicheko kikitoka usoni mwake polepole. Akaweka upawa chini.

Shangazi alipopata habari alimwita Elia ndani, mbele yetu sote. Mimi nilijua ninachotaka kusikia. Nilitaka akane, au aombe radhi, au hata aniambie kuwa ana haki hiyo kwa desturi ya baba zake; kila moja ningeweza kubishana nalo. Alisimama akishika fremu ya mlango, akachagua jibu ambalo sikuwa nimelifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Uliambiwa," akasema. "Uliambiwa Mtera, ukaambiwa mtoni. Sikumzuia mtu kukuambia. Wewe ndiye uliyecheka."

Nimelichambua jibu hilo kuliko nilivyowahi kuchambua udongo wowote. Mwanzoni niliamini alikuwa mwoga aliyenaswa, akashika fimbo ya karibu. Sasa sina hakika. Nakumbuka jinsi alivyowahi kunitambulisha kwa yule mama wa Mtera: hakusema mchumba, alisema mtani. Nakumbuka alivyonitaja kabila pale mtoni. Inawezekana kuwa, alipoona hawezi kunificha, aliamua niambiwe katika lugha ambayo nisingeisadiki, ili ukweli uwe umetamkwa na yeye asiwe ameutamka. Ikiwa ndivyo, ni werevu mkubwa. Laiti angeutumia kwa jambo lenye faida.

Shangazi alimwambia tu akalale kwa jirani. Kisha tukala, wanawake watatu na mtoto Asheri, perege wa Mtera na mlenda. Nilipewa kichwa.

Kurudi

Asubuhi gari la kuazima lilikuwa bado uani, naye Elia alituma mtu kusema yuko tayari kunirudisha. Nikakataa. Shangazi akanifungia karanga na ubuyu, akaniombea kwa sala ndefu ambayo haikumtaja mpwa wake hata mara moja.

Naomi alinisindikiza hadi barabara ya malori. Alisisitiza kubeba begi langu, na tukanyang'anyana hadi tukaishia kulishika wote wawili, kila mmoja sikio lake. Nilimweleza kuwa sitaolewa na Elia, na nilitarajia, nakiri, walau dalili ya nafuu. Badala yake alipunguza mwendo.

"Afadhali ungebaki," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, kwa mshangao ambao sikuweza kuuficha.

"Kwa sababu ataleta mwingine. Wewe ni mtani, tuliweza kukutania. Huyo atakayekuja baada yako, kama hana utani na sisi, tutamwambiaje? Tutamsalimia tu. Tutamwandalia kiti."

Lori la ufuta likaja. Nikapanda juu ya magunia. Nilikuwa na hoja nyingi za kumjibu, kuhusu kanisa, kuhusu sheria, kuhusu yeye mwenyewe na anachokivumilia, na hakuna hata moja iliyokuwa jibu la alichoniuliza. Alibaki pale akinipungia mkono wa kushoto hadi vumbi lilipomfunika.

Basi, wanakamati, vikao vimekwisha, na ninawashukuru. Simwombei Elia mabaya, na siwaombi mumtenge. Wengi wenu mnafanya naye kazi, na ataendelea kuwachekesha. Ninawaomba jambo moja. Siku atakapowaletea mwanamke mwingine, huenda akawa Mmeru, huenda Mchaga, mtu wa mbali ambaye Wagogo hawana ruhusa ya kumchezea, msimsubirishe hadi Mtera. Mwambieni hapo hapo, mchana, kwa maneno makavu, na mmtajie jina la Naomi. Msicheke mnapomwambia.